Idadi Si Kipimo: Historia Fupi ya Mkate na Tofali

Mhariri wetu ameniomba makala ya historia mara mbili tatu, nami nimekuwa nikimkwepa kwa kisingizio cha kazi za zamu. Safari hii nimekubali, ila sitaandika juu ya wafalme wala vita. Nitaandika juu ya mikate na matofali, na jinsi binadamu alivyojifunza kuvikadiria. Msinicheke kwanza. Jambo hili nusura linitenge na mdogo wangu wa tumbo moja, na naamini wako wengi hapa ughaibuni ambao tofali limeshawagombanisha na ndugu zao bila wao kujua kwamba kosa lilikuwa la hesabu.

Mambo yalikuwa hivi. Mama yetu yuko Morogoro. Alitaka kujengewa banda uani, jiko na stoo, mita 7 kwa mita 5. Fundi alipiga hesabu yake: ukiuzunguka msingi wote unapata mita 24, na kimo cha ukuta ni mita 2 na nusu, kwa hiyo eneo ni mita 60 za mraba. Toa milango na madirisha, mita 6 za mraba, zinabaki 54. Akasema kila mita ya mraba inakula matofali 45 ya kuchoma, ukiongeza moja katika kila kumi kwa ajili ya yatakayovunjika unafika karibu 2,700. Nikatuma fedha ya matofali 2,700. Mdogo wangu akayanunua, akayasimamia yakishushwa, akanipigia simu: "Kaka, yote yameingia, nimehesabu mwenyewe."

Baada ya wiki tatu nikaletewa picha. Ukuta umesimama mita 2, umekomea pale kwenye lenta, na matofali yamekwisha. Nusu mita nzima inakosekana kuzunguka jengo lote, na kenchi hazina pa kukaa. Nilifanya nilichofanya, na sijivuni nacho. Nilisema maneno ambayo kila mtu wa ughaibuni ameyasema au ameyawaza: hela imeliwa. Niliyasema kwa simu, mbele ya mama, na mdogo wangu hakujibu neno. Akakata simu. Tulikaa miezi mitatu hatusemezani.

Aliyenifungua macho ni mke wangu, na alinifungulia jikoni. Chama chetu kilikuwa na hafla, naye akaahidi kupeleka mkate wa kumimina kama unavyopikwa kwao Tanga, mchele uliolowekwa, nazi, hamira, sukari na iliki. Kila siku huuokea katika chombo cha duara chenye kipenyo cha sentimita 20. Siku ile, kwa kuwa watu ni wengi, akanunua kipya cha sentimita 25, akamimina unga uleule wa siku zote. Mkate ukatoka mwembamba kama chapati iliyonenepa, na ukingo umekauka. Mimi nikashangaa: sentimita 5 tu zimefanya yote hayo?

Akachukua kalamu, akaandika nyuma ya bahasha: 20 mara 20 ni 400, 25 mara 25 ni 625. "Chombo hakikukua kwa sentimita 5," akasema. "Kimekua zaidi ya mara moja na nusu. Mkate uliokuwa unapanda sentimita 5, humu unapanda 3 na kidogo. Ilitakiwa nikiongeze unga kutoka vikombe vinne hadi sita na robo." Kisha akanitazama kwa jicho lile mnalolijua. "Na yale matofali ya mama, ulituma fedha ya matofali mangapi, nimesikia. Lakini tofali lenyewe lina ukubwa gani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeuliza idadi, sikuuliza ukubwa.

Usiku ule sikulala vizuri. Siku zilizofuata nikaanza kusoma, na nikagundua kwamba swali la mke wangu ni la kale kuliko nilivyodhani.

Hapa London, katika hazina ya British Museum, kumehifadhiwa mafunjo mawili ya Misri ya kale. La kwanza lilinakiliwa na mwandishi aitwaye Ahmes, yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo, kutoka katika maandishi ya zamani zaidi. Mskoti mmoja, Alexander Henry Rhind, alilinunua Luxor mwaka 1858, na mwaka 1865 likaingia katika jumba hilo. Ni kitabu cha hesabu za kazini: kugawa mikate kwa watu kumi, kupima mashamba, kupima maghala ya nafaka, kukokotoa mteremko wa piramidi.

Wamisri walikuwa wakiwalipa watu kwa mikate na pombe. Sasa, ukimwambia mtu mshahara wako ni mikate 10, umemwambia nini? Mikate ya ukubwa gani? Wao walikuwa na neno la kujibu swali hilo, pefsu, maana yake ni mikate mingapi imetoka katika pishi lao moja la nafaka, lililoitwa hekat, kama lita 4.8 hivi. Mkate wa pefsu 10 ni mkubwa, kwa sababu hekat moja imetoa mikate 10 tu. Mkate wa pefsu 45 ni mdogo, kwa kuwa nafaka ileile imegawanywa mara 45. Ahmes anauliza: mtu mwenye mikate 100 ya pefsu 10 akitaka kubadilishana na mwenye mikate ya pefsu 45, apewe mingapi? Mikate 100 ya pefsu 10 imekula hekat 10. Hekat 10 za pefsu 45 ni mikate 450. Basi mwenye 100 na mwenye 450 wamelingana, na hakuna aliyemdhulumu mwenzake. Ni zaidi ya miaka 3,500 iliyopita, na tayari walikwisha kujua kwamba idadi peke yake haisemi kitu.

Katika funjo hilohilo Ahmes anapima duara. Anasema: chukua kipenyo, toa sehemu moja ya tisa, kilichobaki kizidishe kwa chenyewe. Shamba la duara lenye kipenyo cha 9 linakuwa sawa na mraba wa 8 kwa 8, yaani 64. Niliposoma hapo nilimwita mke wangu, kwa sababu waokaji wa hapa wana kanuni ileile: keki ya chombo cha duara cha inchi 9 unaweza kuihamishia katika chombo cha mraba cha inchi 8, unga usizidi wala usipungue. Kwa hesabu za leo duara hilo ni 63.6, na mraba ni 64. Ahmes hakukosea hata nusu.

Funjo la pili, linaloitwa Anastasi I, ni la karne ya 13 kabla ya Kristo, nalo linahusu matofali. Ni barua ya kejeli. Mwandishi aitwaye Hori anamsuta mwenzake anayejigamba kuwa ni msomi: haya, kuna njia ya mteremko ya kujengwa, urefu mikono 730, upana mikono 55, ndani yake vyumba 120, wakuu wanataka kujua ni matofali mangapi, wamekuchagua wewe, tujibu! Yaani hata enzi za Mafarao msomi aliyeshindwa kukadiria matofali alichekwa. Mimi nikajiona nimesimama pale mbele ya Hori nikijikuna kichwa.

Sasa tutoke Misri tuje kwa wenyeji wetu, Waingereza, ambao mkate na tofali vyote wamevitungia sheria.

Mwaka 1266 hivi, enzi za Mfalme Henry III, ilitoka sheria ya kudhibiti mkate na pombe. Ilikuwa sheria ya namna yake. Bei ya mkate haikupanda. Mkate wa robo peni ulibaki mkate wa robo peni, ngano iwe ghali au rahisi. Kilichobadilika ni uzito: ngano ikipanda bei, mkate unapungua kwa kiasi kilichoandikwa, ikishuka, mkate unanenepa. Mwokaji aliyepunja alitozwa faini, na aliyezoea kupunja alifungwa kwenye mbao za aibu hadharani. Husemwa kwamba ndipo ilipotoka desturi ya waokaji kumpa mnunuzi wa mikate 12 mmoja wa ziada, wakawa 13, ili mizani ikimgeukia mwokaji asiumbuke. Sheria hii iliishi zaidi ya miaka 500. London ilifutwa mwaka 1822, na tangu hapo mkate ukauzwa kwa uzito.

Sisi pia tunaijua sheria ya namna hii, ingawa haijaandikwa popote. Nani kati yenu aliyekwenda nyumbani likizo asione andazi? Bei imejitahidi kusimama, lakini andazi limekonda hadi unalitafuta kwenye sahani. Tofauti ni kwamba kwa Henry III kupungua kule kulipangwa na sheria, na mnunuzi aliweza kulalamika.

Kutoka kwenye mkate hadi kwenye tofali, London ilivuka kwa moto. Tarehe 2 Septemba 1666 moto ulianza katika duka la mwokaji Thomas Farriner, mtaa wa Pudding Lane, ukateketeza sehemu kubwa ya mji uliokuwa wa mbao. Mwaka 1667 Bunge likapitisha sheria ya kuujenga upya: kuta za nje ziwe za matofali au mawe, na nyumba zipangwe katika aina nne. Kila aina ikaandikiwa idadi ya ghorofa na unene wa kuta zake. Tangu siku hiyo fundi wa London hakuweza tena kukadiria ukuta kwa macho. Ilibidi ajue tofali lina ukubwa gani, ukuta unene wa matofali mangapi, na kimo chake.

Kisha likaja kosa ambalo linanifariji, kwa sababu serikali nzima ilikosea kama nilivyokosea mimi. Mwaka 1784, baada ya vita vya Marekani kuiachia Uingereza madeni, serikali ya Mfalme George III ilitoza kodi ya matofali: shilingi 2 na peni 6 kwa kila matofali 1,000. Kwa kila matofali 1,000, ndugu zangu! Hawakuuliza ukubwa. Wafyatuaji wakafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya: wakafyatua matofali makubwa. Kule Measham, katika jimbo la Leicestershire, tajiri aitwaye Joseph Wilkes alifyatua matofali makubwa takriban mara mbili ya kawaida, ukuta uleule ukahitaji karibu nusu ya idadi, na kodi ikawa karibu nusu. Nyumba zilizojengwa kwa matofali hayo zipo mpaka leo. Serikali ilichukua miaka 19 kuliziba tundu hilo. Mwaka 1803 ikaamua kwamba tofali linalozidi inchi 10 kwa 5 kwa 3 litozwe kodi mara mbili. Kodi yenyewe ilifutwa mwaka 1850.

Tofali la Uingereza la leo limekubaliwa ukubwa wake: milimita 215 kwa 102.5 kwa 65. Ukiongeza milimita 10 za saruji kila upande unaounga, uso wa tofali moja ukutani unakuwa sentimita 22.5 kwa 7.5. Gawanya mita moja ya mraba kwa uso huo unapata 59 na kidogo, ndiyo maana fundi wa hapa, hata ukimwamsha usiku wa manane, atakwambia ukuta wa unene mdogo unakula matofali 60 kwa mita ya mraba. Anaweza kutaja idadi tupu kwa sababu ukubwa umekwisha kukubaliwa na wote kabla yake. Bila makubaliano yale, neno lake lisingekuwa na maana.

Je, wazee wetu hawakuyajua haya? Waliyajua, tena sana, ila sisi tumeyasahau tukabaki na methali tupu.

Tunasema haba na haba hujaza kibaba, lakini ni wangapi kati ya vijana wetu wanaojua kibaba ni nini? Kibaba kilikuwa kipimo cha nafaka. Vibaba viwili ni kisaga, vibaba vinne ni pishi moja. Waislamu wa pwani wametoa zakatul-fitri kwa pishi hiyo, pishi moja ya chakula kwa kila nafsi. Kwa vitu vya uzito kama karafuu na pembe kulikuwa na ratli na frasila; frasila ni ratli 35 hivi, takriban kilo 16. Kwa urefu walitumia mwili: shubiri, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole kidogo, mkono au dhiraa, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, na pima, mikono minne, mtu akinyoosha mikono yote miwili. Ukinunua nguo kwa mikono, ilibidi useme ni mkono kamili, wenye vidole vilivyonyooka, au ni mkono konde, ulioishia kwenye ngumi. Mnaona? Waliuliza idadi, kisha wakauliza: mikono ya namna gani?

Tazameni pia miti ya mikoko. Kwa karne nyingi majahazi yalipakia miti hiyo Lamu na delta ya Rufiji, ikapelekwa Uarabuni na Ghuba ya Uajemi ambako miti mirefu ni adimu. Ilihesabiwa kwa korija, na korija moja ni miti 20. Lakini hakuna mfanyabiashara aliyesema nataka korija kumi akanyamaza. Alisema korija kumi za nini: fito, pau, mazio, boriti au nguzo? Kila jina lina unene wake. Fito ni nyembamba, pau haifiki sentimita 8 kwa unene, boriti inapita 11, na nguzo ni nene zaidi. Jina lilibeba ukubwa na korija ilibeba idadi. Kwa maneno mawili tu mtu wa Lamu na mtu wa Maskati walielewana, na bahari nzima iko katikati yao.

Boriti hizo ndizo zilizopima hata vyumba. Nenda nyumba za mawe za Lamu au Unguja, utaona vyumba virefu na vyembamba, upana wake kiasi cha mita 2 na nusu hadi 3. Fundi hakuwa mchoyo wa nafasi. Paa zito la mawe na chokaa lilibebwa na boriti, na boriti haiwezi kuvuka zaidi ya hapo bila kupinda. Wasomaji wetu wa Oman na Ghuba wakiingia katika nyumba za zamani za huko wataona vyumba vyembamba vilevile, kwa kuwa boriti zake zilitoka kwetu. Mti wa Rufiji ulipanga upana wa sebule ya mtu ambaye hajawahi kuiona Rufiji.

Vipimo hivyo vilikuwa na kasoro zao. Pishi haikuwa sawa kila mji, na mkono wa mtu mrefu si mkono wa mtu mfupi. Mwenye duka alipenda kununua kwa pishi kubwa na kuuza kwa pishi ndogo. Kwa hiyo haikuwa vibaya nchi zetu zilipohamia mita na kilo baada ya uhuru. Lakini tumehamia nusu tu. Mkulima wa viazi au vitunguu Tanzania bado anakutana na lumbesa, gunia lililojazwa hadi mdomoni kisha likashonewa kichwa kingine juu, na mnunuzi akalipia gunia moja. Sheria ya vipimo imelipiga marufuku, na bado linaonekana. Lumbesa ni ile kodi ya George III iliyogeuzwa: wanahesabu magunia, hawapimi kilichomo, na safari hii anayeumia ni mkulima.

Basi nirudi kwenye ukuta wangu. Nilimpigia mama, nikamwomba anipimie tofali moja. Hakuwa na futi kamba. Akasema, "Mwanangu, halifiki shubiri yangu." Nikamwomba amwite mjukuu wake aje na rula ya shule. Mtoto akapima, akasoma kwa sauti ya darasani: urefu sentimita 20, kimo sentimita 6 na nusu.

Fundi alikuwa amepiga hesabu kwa tofali la sentimita 23 kwa 7.5. Ukiweka saruji ya sentimita 1.5, uso wa tofali lile ni 24.5 kwa 9, sentimita 220 za mraba, na mita moja ya mraba inakula 45, kama alivyosema. Lakini tofali lililoletwa, pamoja na saruji yake, ni 21.5 kwa 8, yaani sentimita 172 za mraba, na mita moja inakula 58. Sentimita 3 huku, sentimita 1 kule, tofauti ambayo jicho haliioni tofali likiwa mkononi, na ukuta mzima unahitaji karibu tatu zaidi katika kila kumi.

Nikaendelea. Katika matofali 2,700, toa moja la kumi lililovunjika, yanabaki 2,430. Gawanya kwa 58: yanajenga mita 42 za mraba. Zilitakiwa 54. Zimepungua 12. Gawanya 12 kwa mita 24 za mzunguko: nusu mita. Ilikuwa nusu mita ileile niliyoiona kwenye picha, haikuzidi wala kupungua. Ukuta ule ulikuwa ukimtetea mdogo wangu kwa miezi mitatu, na mimi sikujua kuusoma.

Hakuna hata tofali moja lililoibiwa. Mwenye tanuri alikuwa na kalibu ndogo, akauza matofali 2,700, yakahesabiwa, yakatimia. Hakusema uongo, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza.

Nilimpigia mdogo wangu siku ileile. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, yakanipotea. Nikamwomba radhi. Alinyamaza, kisha akasema: "Kaka, uliniambia nihesabu. Nikahesabu." Hakuongeza neno. Ni kweli, na ndiyo iliyoniuma zaidi.

Ndugu wasomaji, fimbo ya mbali haiui nyoka, na sisi tulio mbali hatuna ila simu na karatasi. Kwa hiyo nawaachia machache niliyoyalipia kwa fedha na kwa aibu. Ukiambiwa idadi ya matofali, uliza urefu na kimo cha tofali moja, ongeza unene wa saruji, zidisha, kisha gawanya mita ya mraba kwa jibu hilo. Waombe watu wa nyumbani wapime matofali matatu kabla ya kulipa, si baada. Uliza pia unene wa ukuta, kwa sababu tofali likipangwa kwa kukingamishwa ukuta uleule utakula takriban mara mbili. Ongeza moja katika kumi kwa ya kuvunjika. Na uyaandike yote, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa wapishi: chombo cha duara usikilinganishe kwa kipenyo, bali kwa kipenyo mara kipenyo. Ukitoka sentimita 20 kwenda 25, zidisha vipimo vyote kwa moja na nusu na kidogo. Ukitoka 25 kwenda 20, punguza hadi karibu theluthi mbili, la sivyo utaokota unga sakafuni mwa oveni. Muda wa kuoka usiuzidishe kwa hesabu hiyo, utazame kimo cha mkate na uchome kijiti katikati.

Na hela ikionekana kuwa pungufu kule nyumbani, piga hesabu kwanza kabla ya kupiga simu. Wezi wapo, sikatai. Lakini ndugu mwaminifu ukimwita mwizi, hakuna rula itakayopima ulichokivunja.

Nilituma fedha ya matofali mengine 750. Safari hii mdogo wangu alikwenda kwenye tanuri na rula ya yule mtoto mfukoni. Banda limeezekwa, mama anapikia humo, na stoo imejaa mahindi. Tukijaaliwa, tuonane toleo lijalo.